Usiiache shida yako kwenye grupu: jinsi ya kugeuza ujumbe wa kazini kuwa tiketi



Baba mmoja wa familia zetu alikuja ofisini kwetu asubuhi na mapema, bado amevaa sare ya kazi, barua mkononi. Anafanya kazi kwenye stoo ya chakula hapa Muscat, zamu ya kuanzia saa kumi jioni hadi saa sita usiku. Barua ilikuwa ya onyo. Ilisema friza kubwa iliharibika wakati wa zamu yake, kuku na samaki waliokuwa ndani wakaharibika, na yeye hakutoa taarifa kwa wakati. Mstari wa mwisho ulisema kampuni inafikiria kumkata mshahara.

"Lakini nilisema," aliniambia. "Nilisema kwenye grupu."

Akafungua simu. Kweli alikuwa amesema. Kulikuwa na ujumbe wa sauti wa nusu dakika, kwenye grupu la WhatsApp la kazini lenye watu zaidi ya hamsini. Kabla yake kulikuwa na ratiba ya zamu za wiki. Baada yake kulikuwa na pongezi za mtoto wa mfanyakazi mmoja aliyezaliwa siku hiyo, pongezi juu ya pongezi, maua na mioyo. Hakuna aliyejibu kuhusu friza. Msimamizi alikuwa amelala. Fundi hakuwa hata kwenye grupu.

Nimeamua kuandika kuhusu jambo hili kwa sababu halikumpata yeye peke yake. Wengi wenu sasa mnafanya kazi kwenye hoteli, hospitali, maduka makubwa, maghala na ofisi za usafi. Karibu kila mahali kuna grupu la simu, na karibu kila mahali pia kuna kitu kinaitwa dawati la msaada, ambacho hutoa tiketi. Mtu mgeni huonyeshwa grupu siku ya kwanza. Tiketi huambiwa baadaye, au haambiwi kabisa. Leo tujifunze namna ya kutoka kwenye grupu kwenda kwenye tiketi.

TIKETI NI NINI?

Usifikirie tiketi ya basi. Tiketi ya dawati la msaada ni rekodi ya shida moja, yenye namba yake, inayobaki hai mpaka shida iishe.

Mimi nilikulia kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, kwa hiyo nitaeleza kwa mfano ambao baadhi yenu mtauelewa haraka. Jina la mdogo wangu liliwahi kukosekana kwenye karatasi ya mgao. Mama alisema dirishani kila mara tulipokwenda kuchukua chakula. Kila mara aliambiwa, "Sawa mama, tumesikia." Miezi ikapita. Siku moja mhudumu mwingine alifungua daftari, akaandika shida, akampa mama kipande cha karatasi chenye namba na tarehe. Mama aliporudi hakuanza hadithi upya. Alitoa karatasi. Yule aliyekuwa dirishani, ambaye hakuwahi kumwona, alitafuta namba daftarini na kuona nani alipaswa kufanya nini. Jina la mdogo wangu likarudi.

Shida ilikuwa ileile na mama alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba sasa shida ilikuwa na namba, ilikuwa na mwenyewe wa kuishughulikia, na haikutegemea tena kumbukumbu ya mtu mmoja.

Tiketi ya kompyuta ni daftari lile. Ndani yake kuna mambo haya: namba, jina la aliyeomba, maelezo ya shida, saa na tarehe iliyofunguliwa, uzito wake, jina la fundi aliyepewa, hali yake sasa, na historia ya kila neno lililosemwa na kila hatua iliyochukuliwa. Kabla ya kompyuta mafundi walitumia kadi za karatasi. Katika miaka ya 1980 serikali ya Uingereza ilikusanya taratibu za kusimamia huduma za kompyuta katika vitabu vinavyojulikana kama ITIL, na makampuni mengi duniani yalifuata mawazo yake. Ndiyo maana ukitoka kampuni moja ya Muscat kwenda nyingine, au hata nchi nyingine, utaratibu wa tiketi unafanana.

KWA NINI UJUMBE WA GRUPU HUPOTEA?

Grupu si baya. Ni zuri kwa kuulizana nani anakuja zamu ya jioni au basi limefika wapi. Lakini lina udhaifu minne ambayo inaweza kukuumiza.

Kwanza, ujumbe mpya husukuma wa zamani juu. Asubuhi ukiwa na ujumbe mia tatu, hakuna msimamizi atakayesikiliza sauti moja moja.

Pili, ujumbe uliotumwa kwa wote hauna mwenyewe. Kila mmoja hudhani mwenzake atashughulikia. Ile alama ya kusomwa haisemi mtu amekubali kazi, inasema tu ameona.

Tatu, ujumbe unaweza kufutika. WhatsApp ina mpangilio wa ujumbe unaotoweka wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na mtu anaweza pia kufuta alichoandika. Ukitolewa kwenye grupu, au simu yako ikiibwa, huenda ushahidi wako ukaondoka nao.

Nne, fundi mara nyingi hayumo. Unalia mlango wa jirani wakati mwenye dawa anakaa mtaa wa pili.

Kwa hiyo kumbuka hivi: kwenye grupu unatoa habari, kwenye tiketi unakabidhi kazi.

NJIA NNE ZA KUGEUZA UJUMBE KUWA TIKETI

Kampuni hutofautiana. Muulize msimamizi wako swali moja wiki hii: "Kitu kikiharibika, nafungua tiketi wapi?" Jibu litakuwa mojawapo ya haya.

1. Kwa barua pepe. Hii ndiyo njia ya kawaida zaidi. Kampuni ina anwani maalumu ya msaada. Ukituma barua pepe hapo, mfumo wenyewe hufungua tiketi na kukurudishia jibu lenye namba. Ukitaka kuendelea na mazungumzo, jibu barua ileile. Usifute namba iliyoko kwenye kichwa cha barua, kwa sababu ndiyo inayoambia mfumo kwamba maneno yako yaingie kwenye tiketi ileile. Ukianza barua mpya, utafungua tiketi ya pili na mafundi wawili wataanza kuulizana.

2. Ndani ya programu ya mazungumzo ya ofisi. Ofisi nyingi hutumia Slack au Microsoft Teams badala ya WhatsApp. Programu hizi zinaweza kuunganishwa na mfumo wa tiketi, kama vile Jira Service Management, Zendesk au Freshservice. Kampuni yako ikiwa imeunganisha, unaweka kidole au kipanya juu ya ujumbe, unafungua menyu ya nukta tatu, na unachagua kufungua tiketi. Sehemu nyingine mnakubaliana alama: mtu akiweka kiemoji cha tiketi kwenye ujumbe, tiketi inafunguka. Mfumo hunakili maneno yako na mara nyingi huweka kiungo cha kurudi kwenye mazungumzo, na majibu ya fundi huweza kukufikia palepale. Lakini soma kilichonakiliwa. Ukigeuza ujumbe unaosema "bado haifanyi kazi", tiketi itabeba maneno hayo tu, na fundi hatajua ni kitu gani hakifanyi kazi.

3. Kwa namba ya WhatsApp ya kampuni. Hii si grupu. Ni namba ya biashara iliyounganishwa na dawati la msaada, na ukiandika hapo unajibiwa na mfumo kwanza. Ukipewa namba ya tiketi, ujue imefunguka. Usipopewa, omba.

4. Kwa mtu. Kama wewe huna akaunti ya kompyuta, na wafanyakazi wengi wa usafi, jikoni na ulinzi hawana, basi kuna mtu mwenye ruhusa ya kukufungulia: msimamizi wa zamu, mapokezi, au karani wa ofisi. Mwandikie yeye binafsi, si grupu. Sentensi hii ya Kiingereza iweke kwenye simu yako uinakili: "Please open a ticket for this and send me the ticket number." Maana yake: tafadhali fungua tiketi kwa jambo hili na unitumie namba yake. Ni sentensi ya adabu. Haimgombezi mtu.

Ukishapata namba, rudi kwenye grupu na uandike mstari mmoja: friza ya stoo imeripotiwa, tiketi namba fulani. Hapo wenzako wa zamu inayofuata wanajua, na hakuna atakayefungua tiketi nyingine ya shida hiyo hiyo.

UJUMBE ULEULE, MARA MBILI

Hivi ndivyo yule baba alivyosema kwenye ujumbe wake wa sauti, kwa ufupi: "Jamani, friza ina shida, inapiga kelele tangu saa tano, njoo muangalie."

Msikilizaji anajiuliza: Friza ipi? Saa tano gani? Shida gani? Nani aje?

Sasa tazama maneno hayo yakiandikwa kwa ajili ya tiketi:

"Friza namba 2, stoo ya chini, karibu na mlango wa mizigo. Kengele ya hatari inalia tangu 23:00 leo. Kipimo cha joto kinaonyesha nyuzi 9 chini ya sifuri, kawaida ni 18 chini ya sifuri. Ndani kuna kuku na samaki. Nimehakikisha mlango umefungwa vizuri, kengele bado inalia. Naomba fundi aje usiku huu. Nipo hapa hadi 24:00, baada ya hapo yupo mlinzi wa zamu ya usiku. Picha ya kipimo nimeambatanisha."

Hakuna maneno magumu hapo. Kuna majibu ya maswali sita: kitu gani, kiko wapi, kinafanya nini, tangu lini, nini kitaharibika kikiachwa, na wewe umeshajaribu nini. Ukijibu hayo sita kwa Kiingereza kibovu, tiketi yako ni bora kuliko ya mtu mwenye Kiingereza kizuri aliyeandika "haifanyi kazi, tafadhali saidia."

Picha ya skrini au ya kipimo husaidia kuliko maelezo marefu. Kama mashine inaonyesha maneno ya kosa, piga picha kabla ya kubonyeza kitu chochote, maana ukibonyeza maneno yanaweza kuondoka. Ujumbe wa sauti usiutegemee peke yake: mfumo hauwezi kuutafuta kwa maneno, na fundi anayezungumza Kihindi au Kiarabu hatauelewa.

HESABU YA SAA: HAPA TUNAUMIA SISI

Sasa nirudi kwenye barua ya onyo, maana kilichomponza yule baba zaidi ni saa.

Alipoitwa kujieleza aliandika kwa Kiingereza kwamba friza ilianza saa 5. Kwake yeye, kama kwako na kwangu, saa tano ni saa tano usiku. Meneja alisoma saa 5 kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa kumi na moja jioni. Akahesabu: mtu huyu alijua tangu saa kumi na moja jioni, akanyamaza masaa sita. Barua yote ilijengwa juu ya masaa sita ambayo hayakuwepo.

Ndugu zangu, sisi tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo. Ofisi huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni masaa sita kamili, na masaa sita yanatosha kumfukuzisha mtu kazi. Kwenye tiketi, tumia saa ya tarakimu nne kama inavyoonekana kwenye simu: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa saba mchana ni 13:00, saa tano usiku ni 23:00. Usitafsiri kichwani. Angalia simu, nakili.

Siku nazo ziangalie. Hapa Oman wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, na wiki ya kazi inaanza Jumapili. Wale tuliotoka Kongo na kuzoea kuita Jumatatu "kazi moja" tunajikuta tumekosea siku nzima. Andika tarehe, usiandike "juzi" wala "siku ya kwanza ya wiki".

Hii inahusu pia muda wa kujibiwa. Kila tiketi huwa na muda uliowekwa wa kushughulikiwa, kulingana na uzito wake, na mara nyingi huhesabiwa kwa saa za kazi tu. Chukua mfano. Ofisi inafunguliwa 08:00 hadi 17:00, na saa moja ya chakula haihesabiwi. Printa yako imeharibika Alhamisi 16:00, na muda uliowekwa ni saa 8 za kazi. Alhamisi inatumika saa moja tu. Ijumaa na Jumamosi hazihesabiwi. Saa saba zilizobaki zinaanza Jumapili asubuhi, na zinaisha Jumapili 16:00. Kwa hiyo Jumamosi usikasirike kwamba umesahauliwa. Lakini Jumapili jioni una haki ya kuuliza, na unauliza kwa namba.

UZITO: USISEME KILA KITU NI HARAKA

Mfumo utakuuliza uzito wa shida. Mafundi hupima kwa mambo mawili: wangapi wanaathirika, na kikisubiri kitatokea nini. Kipanya chako kimeharibika na cha mwenzako kipo pembeni: uzito mdogo. Mashine za kadi za duka zima zimekufa Alhamisi jioni watu wamejaa: uzito mkubwa. Mtu anayeandika "haraka sana" kwa kila jambo, siku ya friza hatasikika.

MANENO UTAKAYOYAONA KWENYE SKRINI

Mifumo mingi hapa iko kwa Kiingereza. Jifunze maneno haya manne.

"Open": tiketi imefunguliwa. Bado huenda haijaguswa.

"Pending": inasubiri. Hapa kuwa macho. Mara nyingi inasubiri wewe. Fundi ameuliza swali, na mpaka ujibu saa yake imesimama. Kwenye mifumo mingi, ukikaa siku kadhaa bila kujibu, tiketi hujifunga yenyewe. Nimeona watu wakilalamika hawakusaidiwa, kumbe swali la fundi liliwasubiri kwenye barua pepe wasiyoifungua.

"Resolved": fundi anasema amemaliza. Jaribu mwenyewe. Kama shida ipo bado, jibu palepale kwamba haijaisha, na tiketi itafunguka tena. Usiseme asante kwa heshima wakati kitu hakifanyi kazi. Najua kwetu ni vigumu kumwambia mtu aliyehangaika kwamba kazi haijakamilika. Hapa si kumvunjia heshima, ni kumpa habari.

"Closed": imefungwa. Shida ikirudi baada ya hapo, fungua mpya na utaje namba ya zamani.

AMBAYO SI YA TIKETI

Moto, moshi, harufu ya gesi, mtu ameanguka, mtu ameumia: hapo acha tiketi. Toka, waite walio karibu, piga 9999, ambayo ni namba ya dharura hapa Oman. Tiketi itaandikwa baadaye na mtu aliye salama.

Mshahara uliochelewa, saa za ziada ambazo hazikulipwa, pasipoti kushikwa: hayo si ya fundi wa kompyuta. Yaandike kwa ofisi ya wafanyakazi, kwa barua pepe, siyo kwa mdomo wala kwenye grupu. Sheria ya kazi ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 53 ya mwaka 2023, inaweka saa za kazi kuwa 8 kwa siku na 40 kwa wiki, na mshahara hulipwa kupitia benki. Kuna pia amri ya mapumziko ya mchana kwa wanaofanya kazi juani, 12:30 hadi 15:30, mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Mgogoro usipotatuliwa kazini hupelekwa kwanza Wizara ya Kazi kwa usuluhishi, kabla ya mahakama. Huko utaulizwa ulisema lini, kwa nani, na uko wapi ushahidi. Kazi za nyumbani zina kanuni zake tofauti, kwa hiyo kama unafanya kazi nyumbani kwa mtu, njoo tuongee kabla hujaandika popote.

Neno la siri usiliweke kwenye tiketi wala kwenye grupu. Fundi wa kweli hakuombi neno lako la siri. Vilevile namba zinazotumwa kwenye simu kuthibitisha akaunti, hizo ni zako peke yako.

Na picha. Kabla hujatuma, angalia ndani ya picha kuna nini. Jina la mgonjwa, kadi ya benki ya mteja, uso wa mgeni wa hoteli, visiwemo. Oman ina Sheria ya Kulinda Data Binafsi, Amri ya Sultani namba 6 ya mwaka 2022, na ina sheria ya makosa ya mtandao pia. Piga picha ya mashine, usipige ya watu.

KAMA KAZINI HAKUNA DAWATI LA MSAADA

Wapo kati yenu wanaofanya kazi duka dogo la Ruwi au mgahawa wa Mabela, ambako bosi, fundi na mhasibu ni mtu mmoja. Hapo tengeneza utaratibu wako. Nunua daftari la baisa mia chache. Kila shida ipe namba: 1, 2, 3. Andika tarehe, saa ya tarakimu nne, kitu gani, umemwambia nani. Kisha mtumie bosi ujumbe binafsi: "Shida namba 3, bomba la jikoni linavuja tangu 09:20, nimefunga koki kubwa." Akijibu "sawa", andika alijibu saa ngapi. Baadhi ya mabosi huanza kutumia namba hizo wenyewe baada ya wiki mbili, kwa sababu zinawasaidia nao.

Na kama kila mtu kazini kwako anaendelea kutumia grupu tu, basi angalau fanya haya matatu. Andika kwa maandishi hata kama umetuma sauti. Mtaje kwa jina mtu anayepaswa kushughulikia. Piga picha ya skrini siku hiyohiyo, saa na tarehe zikionekana, uihifadhi nje ya grupu.

YALIYOMPATA BABA YULE

Tulikaa naye mezani, tukabonyeza ule ujumbe wa sauti na kufungua maelezo yake. WhatsApp huonyesha saa ujumbe uliotumwa, na kwenye grupu huonyesha umefika kwa nani na nani ameusoma. Ulitumwa 23:07. Tukapiga picha ya skrini. Tukaandika barua fupi kwa Kiingereza: kengele ililia 23:00, taarifa ilitolewa 23:07, neno "saa 5" lilikuwa kosa la hesabu ya saa ya Kiswahili, na mfanyakazi hakuwahi kuonyeshwa dawati la msaada.

Makato ya mshahara yaliachwa. Onyo halikufutwa, lipo kwenye faili lake, kwa sababu kampuni ilisema kulikuwa na utaratibu na haukufuatwa. Hakufurahi, na mimi sikufurahi. Lakini siku hiyohiyo aliomba anwani ya dawati la msaada, na wiki iliyofuata alinitumia picha ya tiketi yake ya kwanza. Ilikuwa ya taa ya ngazi iliyoungua. Ilitengenezwa siku ya pili.

KAZI YA NYUMBANI

Wiki hii fanya mambo mawili. Uliza kazini kwako tiketi hufunguliwa wapi, na uhifadhi anwani au namba hiyo kwenye simu. Kisha chukua ujumbe mmoja wa shida uliowahi kuutuma kwenye grupu, uuandike upya ukijibu yale maswali sita. Kwa Kiswahili inatosha. Ukitaka tuuweke kwa Kiingereza au Kiarabu, uje nao ofisini na msimamizi wa kesi yako atakaa nawe. Akina mama wenye watoto wadogo, njooni nao, kuna nafasi ya kuchezea.

Na kama tayari una barua ya onyo mkononi, usisaini kitu usichokielewa na usifute grupu kwa hasira. Njoo na simu yako jinsi ilivyo.

Tukutane toleo lijalo.